Mkwe wa Bi Mondo

Bi Mondo, paka wa porini, alikuwa na madoa, miguu mirefu kama ya kuazima, na masikio makubwa yaliyomsikia panya akijikuna chini ya ardhi. Lakini kila alichowinda, Chui alimnyang'anya.

"Kesho niletee kanga mnono," Chui akaamuru, "la sivyo nitakutafuna wewe na masikio yako."

"Bwana, unahangaika na kizee kama mimi ya nini? Muoe binti yangu. Masikio yake yanayashinda haya. Jiko lako halitakosa panya."

"Na mahari?"

"Sikudai hata unyoya."

Chui akaona ameokota dodo chini ya mwarobaini. Akaoa siku hiyohiyo.

Asubuhi akaangusha swala. Kabla hajang'ata paja, Bi Mondo akachomoza nyasini. "Hujambo, mkwe wangu?"

Chui akarukia kichakani, akajifunika uso kwa mkia. Huko kwao mkwe hatafuni mbele ya mama mkwe, hata afe njaa. Bi Mondo akaketi, akala. Ikawa hivyo kila siku, mpaka mbavu za Chui zikahesabika.

"Mama," akalia kutoka kichakani, "mbona mahari ulikataa?"

"Mwanangu," akajibu Bi Mondo, mdomo umejaa, "kwani hii ninayokula ni nini?"