Sauti ya Ufani

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla nyati hawajajua hata njia ya mtoni, majabali yale yote yalikuwa ya pimbi. Nyati wakaja, wakavunja mawe ya pimbi, wakajenga shule. Halafu, sikieni ufedhuli huo, wakasema pimbi wasiingie darasani kwa sababu wananuka mawe.

Sikuzani, binti pimbi, hakulia. Alijibanza nje kwenye ufa wa ukuta, akasoma kwa sikio. Mama yake alimwonya kwamba watamkanyaga siku moja. Akajibu kwamba wakimkanyaga atakuwa amekwishafika hesabu za kugawanya.

Mwalimu Nyati alifundisha kwa namna moja tu: yeye aseme, wao warudie. Aliyeuliza, kofi. Aliyerudia kwa kelele zaidi ndiye mwenye akili, na hapo hakuna aliyemshinda mwanawe, Mabruki. Ndama yule hata ukipiga chafya atairudia.

Mwaka ule Mkaguzi Tembo akatangaza kuja kuwauliza wanafunzi maswali mbele ya wazazi. Atakayeshinda ataenda shule kubwa ng'ambo. Nafasi ni moja tu. Jasho likamtoka mwalimu, akazunguka nyuma ya ukuta, maana siku nyingi alijua nani anasikiliza ufani.

"We mtoto," akasema bila kumtazama, "kesho utamnong'oneza Mabruki majibu. Mwakani nitakupa dawati."

"Nisijibu mwenyewe, mwalimu?"

"Wewe? Mkia tu huna, akili utaitoa wapi?"

Sikuzani alihisi hasira ikimchoma hadi masikioni. Lakini akainamisha kichwa. "Basi mwambie arudie kila atakachosikia, asibakize neno."

Siku ikafika. Tembo anauliza, ufa unanong'ona psi psi psi, Mabruki ananguruma jibu. Wazazi wakapiga vigelegele, na wambea wakaanza kumtafutia mchumba. Mwalimu akatoa kifua, akawageukia pimbi waliowekwa kule juani.

"Yupo pimbi mwenye kichwa kama hiki?"

Tembo akatikisa masikio. "Mabruki, nani amekufundisha haya?"

Psi psi psi.

Mabruki akavuta pumzi, akanguruma: "Mimi ni Sikuzani, pimbi. Niko ufani, nyuma ya huyu ndama. Mwalimu alinifungia nje eti nanuka, jana akaja kuniomba akili. Na huyu ndama hajui hata anachosema."

Wazazi wote wakageuka kuutazama ufa.

Tembo akapitisha mkonga nyuma ya ukuta, akamtoa Sikuzani na vumbi lake, akamuuliza maswali mapya. Akajibu yote, mbele ya kila mtu.

"Lakini ananuka," mwalimu akagugumia.

"Nanuka mawe, mwalimu," akasema Sikuzani. "Nusa na ukuta wako."

Kesho yake akavushwa mto, na pimbi wadogo wakaingia darasani bila kubisha hodi, wakakalia madawati. Hadithi imeishia hapo, mwenye kununa na anune.

Nanyi shikeni hili: anayekufungia mlango akidai huna akili, ndiye anayeiogopa akili yako.