Nguchiro Atafuta Kifua

Paukwa!

Pakawa!

Ah, sauti gani hiyo? Wenye viazi mdomoni wameze kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sasa. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisemana kama sisi tu, palikuwa na Nguchiro. Mnamjua Nguchiro? Mwembamba, mrefu, mkia nyuma, mdomo mbele. Asubuhi kasikia jambo kwa huyu, mchana kalifikisha kwa yule, jioni limemrudia mwenyewe, naye anashtuka: "Makubwa! Nani kasema?" Nyie watu wazima huko nyuma, msitazamane. Mimi namsema Nguchiro.

Jirani yake alikuwa Paa. Paa akazaa. Akamficha mtoto kwenye nyasi, maana Mbweha alipita kila siku, pua chini, nusa, nusa, nusa. Paa hakuthubutu kwenda mtoni. Siku ya kwanza kiu. Siku ya pili kiu. Maziwa yakaanza kukauka, mtoto ananyonya hapati kitu.

"Jirani," akasema Paa, "natafuta wa kunilindia mtoto, nikanywe maji."

"Si mimi hapa!"

"Wewe? Hapana, ndugu yangu. Wewe huna kifua."

Loo! Nguchiro akajitazama. Akajitazama upande huu, akajitazama upande ule. Kweli, kifua chenyewe kijiti. Hakuuliza ni kifua gani kinachosemwa. Akatoka mbio. Akala mayai ya kanga, manane. Akasukuma mawe, hii! hii! Akavuta pumzi, fuuu, akaizuia mpaka macho yakamtoka. Kesho yake huyo anarudi, kifua kimetangulia, mwenyewe anakifuata. Hata miguu yake haioni. Akajikwaa kwenye mzizi, pu!

"Kifua hiki hapa," akasema kutoka chini.

Paa alitaka kucheka, akataka kulia, koo limemkauka. Angefanya nini? Mtoto alikuwa hata kulia halii tena, hana nguvu. Akasema, "Haya. Mtoto yuko nyuma ya kile kichuguu. Usimwambie mtu. Nakwenda, narudi." Akaondoka, ti-ti-ti-ti.

Nguchiro akakaa mbele ya kichuguu. Akajitunisha. Mara, Mbweha huyo. Nusa, nusa, nusa.

"Nguchiro, hujambo? Mbona kifua hicho? Kimejaa nini?"

Ulimi ulishatoka. "Siri!"

"Aa, toka hapa. Wewe huna siri."

"Ninayo! Kubwa! Ina miguu minne..."

Nyuma yake akasikia nyasi: cha. Masikio ya Mbweha yakasimama. Nguchiro akaingiwa na hofu, hofu ya kweli, kumwogopea mtoto wa mwenziwe. Neno lenyewe lilikuwa limeshafika kwenye meno, linamwasha kama pilipili. Akalimeza. Gu!

"Endelea, kaka," akasema Mbweha. "Ina miguu minne, halafu?"

"Halafu... ni kiti."

"Kiti?"

"Kiti. Nina kiti."

Mbweha akacheka, akaanguka, akagaagaa. "Siri yake kiti! Kifua chote hicho, kiti!" Akatimka kwenda kumwambia Ngiri, hata kunusa akasahau.

Paa aliporudi, akaona nyayo za Mbweha zimefika mpaka kichuguuni, kisha zimegeuka. Akamkimbilia mwanawe. Mzima! Akamnyonyesha.

"Alikuuliza nini?" akamwuliza Nguchiro.

"Tumezungumza habari za viti tu."

Tangu siku hiyo mwitu mzima ukamwita Bwana Kiti. "Bwana Kiti, hujambo? Tukaribishe basi tukae!" Ngiri anacheka, Nyani anacheka. Neno moja tu lingewanyamazisha wote. Lakini Paa huzalia palepale nyuma ya kichuguu kila mara, na Mbweha bado alikuwa akipita. Nguchiro akanyamaza. Msidhani ilikuwa rahisi! Kuna siku alikwenda kusema ndani ya shimo, kisha akalifukia kwa miguu yote minne.

Miezi ikapita. Mtoto wa Paa akakua, akaota vijipembe, akajua na utani. Siku moja wote wako mtoni wanakunywa, naye akapaza sauti: "Bwana Kiti! Leo na meza umekuja nayo?"

Kwa-kwa-kwa! Mto mzima kicheko.

Hiyo ilimwuma Nguchiro. Iliuma kuliko zote. Akafungua mdomo. Paa mama akainamisha kichwa, akangoja. Mbweha naye alikuwa hapohapo, ng'ambo ya pili, masikio juu.

Gu! Nguchiro akameza. Akanywa maji yake.

Wakati wa kurudi Paa akatembea naye polepole, machozi yanamtoka. "Jirani," akasema, "una kifua."

Nguchiro akajitazama. Mayai yalikwisha zamani, kifua kimerudi kuwa kijiti. "Kiko wapi?"

"Kimeingia ndani," akasema Paa.

Basi wanangu, na nyie wakubwa mnaojifanya mmesinzia: kifua cha kumtunzia mwenzio siri hakionekani kwa nje. Hukua kila unapolimeza neno ambalo lingekupa sifa wewe na kumwangamiza yeye.

Hadithi yangu imeishia hapo, nami ulimi wangu naurudisha ndani. Na wewe uliyeambiwa jambo jana kisimani, ondoka nalo kama ulivyolipokea.