Mlima Uliozuia Mvua

Zamani, wajukuu zangu, zamani hasa, kabla bibi yake bibi yangu hajaota meno, watu wa Kisangaze waliishi upande wa mlima unaotazama machweo. Mnanisikia? Basi sogeeni.

Mvua yao kidogo, ile ya kutoka machweo, mwaka wa kwanza haikushuka. Wa pili haikushuka. Wa tatu, mbuzi wakaanza kula nyasi za mapaa. Na kila asubuhi wingu lilikuwa limekaa kileleni, jeupe, nono, halishuki.

"Watu wa ng'ambo ya mlima wamelifunga," alisema mzee Mrindoko. "Wanakunywa mvua yao na yetu." Akaamuru mikuki inolewe.

Sasa, mke wa mwanawe, Naetwe, alikuwa ameolewa kutoka huko ng'ambo. Mama yake alikuwa huko, na kaka yake Kajiru. Kila aliposikia chuma kikisuguliwa jiweni, aliwawaza hao wawili. Akapiga magoti mbele ya mkwewe.

"Baba, nipe siku tatu nikaone wanavyolifunga."

"Na usiporudi?"

"Mwanangu namwacha mikononi mwako."

Fikirini hilo, wanangu. Mtoto mwenyewe ni mmoja tu.

Akapanda. Vumbi, miiba, vumbi, miiba. Karibu na kilele mguu ukazama kwenye tope, na miti ikawa na ndevu za kijani zinazodondosha maji. Akachungulia ng'ambo. Upepo wa baharini ulikuwa ukiyasukuma mawingu yapande mteremko; yakipanda yanapoa, yakipoa yanamwaga maji. Yalipofika juu yalikuwa yamekwisha maji, na upepo ukashuka kwa kina Mrindoko mkavu. Hakuna kamba, hakuna mganga. Ni mlima tu.

Alipofika kwao alimkuta Kajiru amelowa, akichimba udongo pale nyumba ilipokuwa.

"Mama yuko wapi?"

Kajiru hakuinua kichwa. "Mvua haijakatika mwezi mzima. Mteremko ulishuka naye."

Naetwe alilia akichimba, na akichimba alihesabu siku. Walimzika mama yao siku ya pili jioni. Matanga hakukaa. Alfajiri alipanda tena, Kajiru nyuma yake, roho mkononi, maana hakujua kama watu wa Kisangaze watamsubiri.

Hawakumsubiri. Aliwakuta kileleni, mikuki mbele.

"Huyu ndiye mfungaji?" Mrindoko aliuliza.

Kajiru akasimama mbele yake, tope hadi viwikoni. "Mzee, ningejua kuifunga mvua, ningeifunga kabla haijamchukua mama yangu."

Mrindoko akatazama ng'ambo, akayaona mawingu yakipanda, akauona mteremko ulioporomoka. Akageuka akatazama kwake, kukavu. Akaulaza mkuki chini. "Mwanangu," alimwambia Naetwe, "nilikuja kuua watu wenye msiba."

Walichimba mfereji kutoka chemchemi ya lile tope la karibu na kilele, pande zote mbili pamoja, misimu miwili. Maji yalipofika Kisangaze, Mrindoko alikuwa kaburini.

Kwa hiyo, wajukuu, mkikosa kitu, msikimbilie kutafuta mwizi. Pandeni kwanza mkaone. Kisa nimekitua hapa. Aliyekipenda na akibebe.