Pumzi ya Mpiga Baragumu

Nipeni masikio, wakubwa kwa wadogo, niwape kisa. Jibu lake mtanipa ninyi.

Walikuwapo watu watatu. Nakijwa alijua kufundisha, Zaina alijua kuhimili, na Singano alijua kusikiliza. Watatu hao walikutana kwenye pumzi ya mtu mmoja, Mzee Shekighenda, mpiga baragumu.

Kwao mzee ni milimani, mahali ambapo ukungu hushuka mchana kweupe ukameza njia na nyumba, hata mkono wako mwenyewe usiuone. Ukishuka, Shekighenda hupuliza baragumu lake, na waliopotea hufuata mlio mpaka nyumbani. Basi mzee akashikwa na vijiwe vya nyongo. Daktari akasema sharti tumbo lipasuliwe. Mzee akauliza jambo moja tu: "Nitapuliza tena?"

Daktari akamwita Nakijwa, mtaalamu wa mazoezi ya tiba.

"Baba," alisema Nakijwa, "mtu akishonwa tumbo huogopa maumivu, akapumua juu juu. Mapafu hujikunja kule chini, makohozi yakatuama, homa ya mapafu ikaingia. Kwa hiyo tuanze leo, kabla ya kisu." Akamwekea mkono tumboni. "Vuta kwa pua, taratibu, mpaka mkono wangu uinuke. Shikilia kidogo. Sasa toa kwa mdomo, kama unayepoza uji." Akaja kila siku, wakavuta na kutoa, hata pumzi ya mzee ikawa ndefu kama bonde.

Akapasuliwa. Katika usingizi wa dawa alijiona akitembea ndani ya ukungu laini, usio na chini wala juu, baragumu likilia mbali, asijue nani analipuliza. Alipozinduka, ilikuwa kana kwamba ukungu ule umebaki kifuani. Makohozi yalikoroma, naye hakuthubutu kukohoa.

"Nyuzi zitakatika, mama Mbazi," alimwambia Zaina, mkewe.

Zaina akaulaza mto juu ya kidonda, akaukandamiza kwa mikono yote miwili. "Kohoa. Nimekushika." Akakohoa, machozi yakamtoka, na makohozi nayo yakatoka. Tangu hapo, kila kikohozi kilipokuja kilimkuta Zaina na mto wake, mpaka mikono ikamfa ganzi.

Lakini maumivu huchosha moyo. Asubuhi moja mzee aligeukia ukutani, akakataa mazoezi, akakataa mto. Nakijwa akamsihi, Zaina akamsihi, asigeuke. Homa ikaanza kupanda.

Ndipo Singano akasema kutoka kitanda cha jirani, mguu wake ukiwa kwenye plasta ngumu. Alikuwa mtu wa tambarare, ukungu hajawahi kuuona. "Mzee, hilo baragumu lako hulia vipi?"

Mzee akageuza kichwa, akasema, "Kwa walio bondeni, hulia kirefu. Kwa walio ng'ambo ya mto, hulia na kurudia."

"Nionyeshe, kwa pumzi tu. Nitafumba macho, nione kama nitafika."

Mzee akajikongoja akakaa. Akavuta hadi tumbo likainuka, akashikilia, akatoa.

"Niko njiani," alisema Singano, macho ameyafumba. "Endelea, sijaiona nyumba bado."

Wakaenda hivyo siku hiyo na zilizofuata, mmoja akipumua, mwingine akitembea bila kutembea, wodi nzima imetulia kama iliyo ndotoni. Homa ikashuka. Daktari akasikiliza kifua, akasema ni safi, akamruhusu mzee kurudi nyumbani.

Sasa, desturi ya kwao ni hii: mpiga baragumu aliyeponea chupuchupu hupuliza mlio wake wa kwanza mlangoni kwa mtu mmoja tu, yule aliyemrudishia pumzi. Mlango huo huheshimiwa kizazi hadi kizazi.

Nakijwa alisema, "Mimi nilikuwa kazini, baba."

Singano akatuma salamu: "Mimi nilisikiliza tu."

Zaina akasema, "Mlango wangu ndio wako. Ukinipulizia mimi, watu watasema umejipulizia mwenyewe." Lakini alisema hayo akitazama pembeni.

Mzee amesimama njia panda, baragumu mdomoni, tumbo limeinuka, pumzi ameishikilia.

Nanyi mlionisikiliza, kama pumzi ile ingekuwa yenu, mngeipeleka mlangoni kwa nani?