Tsuma na Masikio Yaliyowaka

Paukwa!

— Pakawa!

Mmeitikia kama watu waliolala njaa. Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sasa twende.

Hapo zamani za kale, babu zenu hawajaota meno, palikuwa na mrina asali akiitwa Tsuma. Hakuwa mtu mbaya, ila moyo wake haukujua kidogo. Akifurahi, alimbeba bwana harusi mabegani mpaka akamwangusha kwenye chungu cha mchuzi. Akihuzunika, alilia msibani kuwapita wafiwa, wafiwa wakaacha kulia wakambembeleza yeye. Akikasirika, ndiyo usiseme. Nyuki mmoja alimuuma, akaupiga mzinga teke. Vuuu! Tsuma mbio, kijiji kizima mbio, na mzee mmoja wa mkongojo akaonekana mbele ya wote, mkongojo kaubana kwapani.

Siku moja mkewe, Mbodze, alimwambia paa linavuja. Tsuma akapandwa na hasira, akang'oa mlango. Ng'wee, pwaa! Mvua sasa ikaingia kwa juu na kwa mbele. Watoto wao wakajificha nyuma ya ghala. Mbodze akawatazama, akawashika mikono, akaenda nao kwao.

Tsuma akabaki na mlango magotini, analia, hajui kwa nini ameung'oa.

Majirani wakasema ana pepo. Wengine wakasema ni jeuri tu. Wakamnywesha mizizi michungu. Akaharisha siku tatu, hasira ikabaki palepale.

Ndipo akaenda mwenyewe kwa Bibi Mnyazi, mfinyanzi wetu, kikongwe tunayemkumbuka mpaka leo. Akamkuta anakanda udongo. Akamwamkia, akasema, "Bibi, najiogopa mwenyewe. Nisaidie."

Bibi Mnyazi hakumkemea. Alimwambia kwamba yeye naye, alipoolewa, alimrushia mama mkwe mchi, na mama mkwe huyohuyo ndiye aliyemfundisha kuituliza hasira. Kisha akamuuliza, "Kabla mkono haujang'oa kitu, hasira huanzia wapi mwilini?"

Tsuma akaambiwa aende akachunguze. Akagombana na mbuzi, akachunguza. Akagombana na kisiki, akachunguza. Siku ya tisa akaja anahema. "Ni masikio, Bibi. Huwaka kwanza."

"Basi yakiwaka, sema, toka, tembea, halafu rudi. Kurudi usisahau. Anayetoka asirudi amekimbia tu."

Miezi miwili wakajifunza. Bibi humchokoza, Tsuma hutembea. Mara nyingine alishindwa. Vyungu viwili vilivunjika, akaambiwa avifinyange upya, vikatoka vimepinda kama midomo ya watu wanaonuna.

Hatimaye wakaenda pamoja ukweni kumwomba Mbodze arudi. Ami yake Mbodze, Mzee Chengo, akaanza: mtu anayepigana na nyuki hapewi hata kuku amfuge. Tsuma akasimama. "Wazee wangu, masikio yamewaka. Naomba nitoke, nitarudi."

Akaizunguka nyumba. Chwa, chwa, chwa. Akarudi, akakaa. Mzee Chengo akatoa neno la pili. Chwa, chwa, chwa. La tatu. Chwa, chwa, chwa. Ndani, wazee wakazungusha vichwa kufuata nyayo. Mwishowe Mzee Chengo akafoka kwamba anafanyiwa mzaha, akapiga kigoda teke, akaumia kidole.

Bibi Mnyazi akamuuliza taratibu, "Masikio yako vipi, mwanangu?"

Mzee Chengo akayagusa. Akatoka. Tsuma akamfuata. Zikasikika chwa, chwa za watu wawili, mmoja anachechemea.

Waliporudi, Mbodze ndiye aliyesema. Alisema amemwona Tsuma akitoka, na amemwona akirudi. "Lakini watoto bado wanashtuka mtu akikohoa. Nitarudi baada ya mavuno, si leo. Njoo kila siku ya soko, wakuzoee."

Tsuma akalia. Akalia kwa sauti kubwa, na hakuna aliyemnyamazisha. Alipomaliza, akajipangusa, akasema, "Nitakuja."

Akaenda. Soko la kwanza watoto walimchungulia tu. La pili wakamsogelea. La tatu, mdogo akamkalia miguuni. Mavuno yakapita, Mbodze akarudi.

Basi wanangu, moyo wenye mbio si aibu, ila huwaumiza walio karibu. Ukikushinda, mwendee mtu umwambie umekushinda. Tsuma alisema, akasaidiwa.

Hadithi yangu imechoka miguu, imekaa hapo.