Msagaji Aliyesema Nimepumzika

Wametusimulia waliotutangulia katika wema, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa milima ya Yemeni aliishi mwanamke mchamungu, Bi Atika, pamoja na mumewe Harithi, mfumaji. Mola aliwaruzuku mtoto mmoja tu, Mundhiri, ambaye miguu yake haikupata kumsimamisha wala ulimi wake haukufunguka. Mpaka ndevu zake zikaanza kuingia mvi, mtaa mzima ulikuwa umemlea. Wanawake walimpondea chakula, vijana walimwogesha, na Ukba, msagaji nafaka, alimbeba mgongoni kila siku kumpeleka msikitini. Bi Atika hakuinua mikono kuomba dua ila aliwataja majirani hao kwa majina yao.

Siku moja baada ya sala ya alasiri, Harithi alisimama msikitini mbele ya waumini, Mundhiri akiwa ameketi kando ya Ukba.

"Ndugu zangu, mmetutendea mema tusiyoweza kuyalipa. Sisi sasa wazee, kaburi linatuita. Kwa kuwashukuru, nawatua mzigo huu. Kesho nampeleka Mundhiri kwa jamaa zangu wa bondeni."

Damu ilimchemka Bi Atika kule kwenye safu za wanawake. Hakushauriwa hata kwa neno moja! Na hao jamaa wa bondeni hawajapata kumtia Mundhiri machoni. Nani kwao atajua kwamba akigeuza uso ukutani ana kiu, na akifumba macho kwa nguvu anaumwa? Kabla hajafumbua kinywa, Ukba alikwisha simama kwa hasira.

"Nani amekwambia tumechoka?"

"Wewe mwenyewe," akajibu Harithi. "Kila ukimtua pale mlangoni husema, 'Alhamdulillahi, nimepumzika.' Nimekusikia kwa masikio yangu."

"Subhanallah! Ewe Harithi! Kutwa nzima nasukuma jiwe la kusagia, vumbi limenijaa kifuani. Nikimbeba mwanao hunikumbatia shingo akanichekea sikioni. Hapo ndipo ninapopumzika! Namshukuru Mola wangu kwa pumziko hilo, nawe unalifanya malalamiko?"

Msikiti ulijaa minong'ono. Bi Atika akainuka, na sauti yake haikuwa ya kubembeleza.

"Mume wangu, heshima yako ninayo, lakini leo umenighadhibisha. Shukrani gani hii ya kuwanyang'anya watu mtu wao? Lini ulinisikia nikimwita mwanangu mzigo? Uko ndani ya nyumba ya Mwenyezi Mungu, tuambie kweli. Uliwaonea huruma hawa, au uliona haya wewe?"

Harithi angeweza kuapa kwamba alikusudia mema, na watu wangemsadiki, maana alikuwa mtu wa heshima zake. Lakini aliinamisha kichwa.

"Niliona haya. Kila kukicha mlango unabishwa, nami napokea. Nimechoka kuwa mtu wa kupokea, nikakipa kiburi changu jina la shukrani. Nisameheni."

"Mwenyezi Mungu akusamehe," akasema Ukba. "Mimi bado nina hasira nawe. Na mkitangulia nyinyi mbele ya haki, Mundhiri haendi popote. Atakaa kwangu. Nikiondoka mimi, hawa wote wapo."

Akainama, akamtia Mundhiri mgongoni, akatoka bila kumuaga Harithi. Bi Atika akawafuata nyuma huku machozi yakimtiririka, naye bado amemkasirikia mumewe. "Ahsante, ndugu yangu Ukba," akawa anasema njia nzima. "Ahsante. Usituache."

Enyi waumini, hasira ya Ukba na Bi Atika ilikuwa ibada. Nasi tumekaa kitako tukimsikitikia Harithi, ilhali miongoni mwetu wamo wanaowafungia vyumbani wana wao walio kama Mundhiri, jirani akibisha hodi huambiwa, "Usijisumbue, tutajimudu wenyewe." Mzazi huyo anawanyima wenziwe thawabu, anamnyima mwanawe watu wa kumpenda, kisha anajiona muungwana! Siku atakapofukiwa yeye, mtoto atabaki mikononi mwa nani, naye hakumjulisha kwa yeyote? Mola atunusuru na uungwana wa namna hiyo.