Unyayo Mmoja kwenye Mdomo wa Ndiva

Sogeeni hapa. Anayetaka kwenda kukojoa aende sasa hivi, maana nikishaanza sisimamishi hadithi kwa ajili ya mkojo wa mtu.

Hadithi hii alinipa shangazi yangu Namcheja, dada yake baba, siku tunapukuchua mahindi. Mimi hata meno ya mbele nilikuwa sijang'oka. Alipofika mwisho nikamuuliza, "Sasa shangazi, jibu ni lipi?" Akaniambia, "Pukuchua." Mpaka anakufa hakunipa jibu. Kwa hiyo na ninyi msije mkanisumbua.

Haya. Hapo kale, huko Upareni, juu milimani, palikuwa na mtu na mkewe na watoto wao watatu.

Baba aliitwa Mbonea. Kipawa chake kilikuwa pumzi. Mlima unaowatoa wenzake ulimi nje, yeye anaupanda huku anapiga mluzi.

Mama aliitwa Nakunda. Kipawa chake kilikuwa mteremko. Alikuwa anaweza kushuka genge na ndoo kichwani, mtoto mgongoni, na maji yasimwagike hata tone.

Binti yao, Niendiwe, alikuwa na miaka saba. Kipawa chake kilikuwa nyayo. Miguu ile ilishachunga mbuzi kila kichaka, mpaka watu wakasema vidole vyake vina macho.

Wa pili alikuwa Mcharo, wa kiume, miaka minne. Huyu kipawa chake kilikuwa ubishi. Ukimwambia kaa, anasimama. Ukimvalisha shati, analivua alivae mwenyewe, mbele nyuma, na ole wako ujaribu kumrekebisha.

Na kitindamimba, Nambua, alikuwa na miezi sita. Yeye alijua kunyonya.

Sasa mwaka huo mvua ilikuja kwa hasira, ikabomoa mdomo wa ndiva. Ndiva mnaijua? Ni bwawa la udongo la kukusanyia maji ya chemchemi, halafu maji yanafunguliwa kwenye mfereji, kila shamba na zamu yake. Mdomo ukabomoka, maji yakakimbia yote. Mvua nayo ikakata, likaja jua. Shamba la Nakunda lilikuwa mwisho kabisa wa mfereji. Hata siku nzuri, maji yalimfikia yamebaki mate tu.

Na desturi yao ilikuwa hivi. Mdomo wa ndiva ukijengwa upya, nyumba zote zinakimbia mlima. Wanatoka kijijini kwa njia za miguu, wanapanda, wanakatiza msitu, wanashuka upande wa pili mpaka kwenye ndiva. Nyumba ya kwanza kufika, mtu wake mmoja anakanyaga udongo mbichi wa ule mdomo. Unyayo mmoja tu, wa mtu mmoja. Mwenye unyayo ndiye mwenye maji ya kwanza. Na haki ile inakwenda na mguu. Akihama inahama naye, akifa inakufa naye. Udongo ukikauka bila unyayo, zamu inapigiwa kura.

Lakini wazee walikuwa na akili. Walisema nyumba ifike kamili. Mtoto asiyejua kutembea abebwe. Anayejua kutembea aende kwa miguu yake, na akibebwa hata hatua moja, nyumba nzima imetoka.

Majirani wakamcheka Mbonea. "Na huyo Mcharo wako, mtafika mwaka gani?"

"Mwaka huu huu, shemeji," akajibu. "Labda mwishoni."

Lakini ndani ya nyumba hakuna aliyecheka. Nakunda alitoka shambani na jani la haragwe mkononi, limejikunja kama sikio la mbuzi mgonjwa. "Baba Niendiwe, haya maharage yamebakiza siku tano. Tukikosa maji ya kwanza, watoto watakula nini?"

Mbonea akalitazama lile jani. "Tutakimbia," akasema.

Asubuhi pembe ikalia. Puuu! Nyumba ya Kajiru ikafyatuka mbele: ndugu saba, miguu kama ya swala, na mama yao nyuma. Nyumba nyingine zikafuata. Nyumba ya Mbonea ikawa ya mwisho, kwa sababu Mcharo alitaka kwanza kumuaga kuku.

Wakaanza kupanda. Hawajafika mbali, Mcharo akakaa chini katikati ya njia.

"Nimechoka."

"Mwanangu, bado hata hatujaanza," mama yake akasema.

"Mimi nimeshaanza. Nimeshachoka."

Wakambembeleza. Wakamwahidi muwa. Mtoto amekaa kama mzigo wa kuni. Basi Mbonea, mwanaume mzima mwenye ndevu, akafungua kamba yake ya kufungia kuni, akajifunga kiunoni, akampa Mcharo ncha. Akainama. Akalia kama punda.

Mcharo akasimama palepale! "Hrrr! Punda! Panda!"

Na punda akapanda. Mtoto anamchapa kwa jani la mgomba, miguu yake chini, kamba mkononi, anavutwa bila kujua kwamba anavutwa. Kwenye kona wanakuta watu wamekaa wanahema, watu wanashika mbavu. "Mbonea! Umefikia hapo? Utaweza kweli kukaa tena kwenye baraza la wanaume?"

Mbonea hakuwajibu, kwani punda anajibu? Akaupanda mlima wote namna ile, akazipita nyumba tatu, nyumba nne, mpaka juu kabisa.

Juu ni msitu. Na msituni wakakuta ukungu umelala, mzito, hata mkono wako huuoni. Pembeni ya njia walimkuta Mama Kajiru, amekaa peke yake juu ya jiwe, anafunga kilemba chake taratibu.

"Shikamoo mama. Umechoka?" Nakunda akamuuliza.

"Marahaba mwanangu. Sijachoka. Ninasubiri."

"Tukusindikize?"

"Nendeni, nendeni. Ninaowasubiri wanajijua."

Wakaenda. Mbele kidogo njia ikapotea. Huku wanasikia watu wanaitana, huku wengine wanajibu, kila mtu anazunguka mti uleule. Mbonea na pumzi yake, aende wapi? Nakunda na mteremko wake, ataanzia wapi?

Niendiwe akasema, "Baba, nyamazeni."

Akavua ndala. Akatembea polepole kwenye majani, anapapasa kwa vidole, kama mtu anayetafuta sindano. Akasimama. "Hapa kuna maji."

Wakainama. Kweli, chini ya majani kulikuwa na kijito chembamba kama uzi. Niendiwe akatumbukiza mguu, akatulia. "Yananisukuma kisigino. Yanakwenda huku." Akanyoosha kidole. "Maji ya msitu huu yote yanakwenda ndiva. Mbuzi wangu mmoja alinipotea hapa, ndiyo nikajua. Twendeni yanakokwenda."

Wakamfuata, mtoto wa miaka saba mbele, watu wazima nyuma. Kila alipofika penye wasiwasi anatumbukiza mguu, anasikiliza kwa kisigino, anaendelea. Maji yalikuwa ya baridi, midomo yake ikawa ya kijivu, lakini hakulalamika. Wakatoka kwenye ukungu peke yao. Ukiacha wale wa Kajiru, waliopita kabla ukungu haujashuka, nyumba nyingine zote zimebaki humo, zinasalimiana na miti.

Sasa chini kule wanaiona ndiva. Lakini katikati kuna genge, jekundu, linateleza kama bamia. Mcharo akachungulia, akarudi nyuma.

"Mimi hapo sishuki."

Wakasikia pembe chini. Nyumba ya Kajiru imefika! Mbonea akashika kichwa. Lakini haikulia tena, na pembe moja ni ya kufika tu, ushindi ni pembe mbili. Mzee Kisaka, msimamizi wa ndiva, alikuwa anawahesabu.

"Mko saba," akawaambia. "Mlitoka nane. Mama yenu yuko wapi?"

Wakatazamana. Wa mwisho akachungulia nyuma ya kaka yake, kana kwamba mama mzima anaweza kujificha hapo. Kisha wote saba wakageuka kupanda mbio kumfuata.

Huku juu Nakunda hakuwa na muda wa kuwacheka. Nambua alikuwa analia njaa. Akamzungusha kutoka mgongoni, akampa titi, akamkaza kwa kanga kifuani. Halafu akaligeuzia genge mgongo! Watu wote hushuka wakitazama chini. Yeye akashuka kinyumenyume, anamtazama Mcharo usoni. Anachimba udongo kwa kisigino, tu! Kishimo. Tu! Kingine.

"Mcharo, hiki kiti cha mguu wako. Weka."

Mtoto akaweka.

"Na hiki cha mwenzake. Mwenzake asione wivu."

Akaweka. Kishimo kwa kishimo, genge zima. Kisigino cha Nakunda kikachanika, damu ikachanganyika na ule udongo. Mdogo ananyonya, mkubwa anashuka, na mama anaimba jina la kila kidole cha mguu. Katikati wakapishana na wale ndugu saba wanapanda, wanahema. Hata salamu hawakutoa.

Nao walipofuata nyayo za akina Mbonea ukunguni mpaka kwa mama yao pale juu ya jiwe, mnajua aliwaambiaje?

"Mlinipita kama kisiki. Basi kisiki hakitembei. Niombeni radhi, mmoja mmoja, kuanzia mkubwa."

Wakaomba radhi, saba zote. Na yule wa nne aliomba vibaya, akarudishwa. Lakini alipokubali kuinuka, aisee, mama yule alikuwa na mbio! Aliwatangulia wanawe wote.

Nyumba ya Mbonea ilikuwa imefika uwanda wa mwisho. Pamebaki kama kutoka hapa mpaka kwenye kile kisima chetu. Mbonea kiuno kimekufa. Nakunda anachechemea. Niendiwe anatetemeka kwa baridi. Na Mcharo yuko katikati ya njia, anatembea kama jongoo, mguu mmoja, anapumzika, mguu mwingine. Nyuma wakasikia vishindo. Mama Kajiru na wanawe wameshashuka genge.

Mbonea akatazama kushoto, akatazama kulia. Hakuna mtu, mabingobingo matupu, yale majani marefu kuliko mtu. Akaliwaza lile jani lililojikunja. Akainama, akamshika mtoto kwapani amnyanyue. Hatua kumi tu.

Mcharo akamng'ata mkono!

"Niache! Mimi mkubwa! Ninatembea mwenyewe!"

Akachomoka, akakimbia. Ule ubishi wake wote ukaingia miguuni. Alikimbia anapiga kelele kwa hasira, kamasi linaning'inia, shati mbele nyuma, na nyumba yake yote ikamfuata mbio. Na kwenye yale mabingobingo akainuka kijana aliyewekwa na wazee kuangalia nani anabebwa. Alikuwa amechuchumaa pale tangu asubuhi.

Wakafika. Mzee Kisaka akahesabu: baba, mama, binti, mtoto, mchanga. Kamili! Pembe ikalia, na ikalia tena. Vigelegele vikapigwa mpaka ndege wakaruka. Mama Kajiru akafika anahema, akamkumbatia Nakunda, akasema, "Nyumba hii imekuja nzima." Nakunda akaketi chini, akacheka na kulia kwa pamoja. Maharage yamepona!

"Bado," Mzee Kisaka akasema. "Leteni mguu."

Hapo ndipo maneno yakaanza.

Wanaume wakasema, "Mguu wa baba. Alikubali kuwa punda mbele ya kijiji kizima. Bila yeye wangekuwa bado wanambembeleza mtoto kule chini."

"Na huyo huyo nusura awatoe karibu kabisa na mwisho, kijana wa mabingobingo ametuambia!" mwanamke mmoja akadakia. "Ni mguu wa mama. Mtazameni kisigino. Ule mguu umeshalipa damu."

"Mama akirudi kwao, si atakwenda na maji?" mwingine akauliza.

"Nirudi kwetu nikafanye nini?" Nakunda akajibu, wakacheka.

Mama Kajiru akasema, "Mguu wa binti. Maji yalimwambia yeye njia, hayakumwambia mwingine yeyote."

"Ataolewa, maji yatamfuata huko!"

Niendiwe akasema, "Nani kawaambia nitaolewa mbali?"

Yule kijana wa mabingobingo naye akasema, "Mimi nilikuwa naona. Wote walimsaidia mtoto, lakini pale mwisho mtoto ndiye aliyewasaidia wote. Kisha ana miaka minne. Unyayo wake utakaa miaka mingi kuliko wa wote."

"Mtoto ambaye kesho akikasirika atatunyima maji!"

Jua likapanda. Udongo ukaanza kuwa mweupe pembeni. Mzee Kisaka akaunyunyizia maji. Wakabishana, ukakauka, akanyunyizia tena. Mara ya tatu akaweka kibuyu chini.

"Nikiongeza tena, utakuwa tope, hautashika alama. Nyumba hii iseme, ama tupige kura, maji yaende popote."

Wakasimama wanne mbele ya ule udongo. Mbonea amevua viatu. Nakunda kisigino wazi. Niendiwe vidole vimekunjamana kwa maji. Mcharo ameshainua mguu juu, mama yake amemshika bega. Wanatazamana. Na udongo unakauka.

Basi wajukuu zangu, ninawauliza ninyi. Aliyepandisha mlima, aliyeona njia penye ukungu, aliyechimba ngazi kwa kisigino chake, au aliyekataa kubebwa? Kila mmoja, ukimtoa, nyumba haifiki. Na mguu ni mmoja. Je, ungekuwa wewe, ungekanyagisha mguu wa nani?

Ee, msiseme wote kwa pamoja! Tazama, mmeshaanza kugombana kama wao. Jifunikeni. Kila mtu akalale na mguu wake, asubuhi ataniambia. Haya, laleni.